Risiti ya Mchora Vibao

Mimi huchora nywele za kinyozi, kuku wa kukaanga,
na jino moja jeupe, kubwa kama mlango,
la daktari wa meno wa Katuba.
Vibao vyangu havidai miaka. Jua la Oktoba hula nyekundu kwanza,
vumbi la barabara hula kilichobaki,
mwenye duka hurudi akinung'unika,
nami napata bukari.

Siku hiyo alikuja mhandisi, kofia ya kazi kwapani.
Jina lake Mujinga.
Jirani yangu fundi cherehani alicheka hadi akajidunga sindano.
Yule mama hakukasirika. Kwa Kiluba, alisema,
ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo.
Ninyi mnasikia mpumbavu.
Ndiyo shida iliyonileta.

Akanipakia pikipiki yake, tukaipita Ruashi
mpaka kwenye nyumba isiyo na dirisha,
zege lake nene kuliko urefu wa mkono wangu.
Ndani mna vijichuma vya mashine ya kuchomea saratani,
mashine yenyewe ilikufa kabla ya wagonjwa wake.
Mna mapipa ya mawe meusi
yaliyokamatwa njia ya Kasumbalesa chini ya magunia ya makala.
Havitoi moshi. Havinuki.
Havipigi kelele mwizi akivishika.

"Andika mtu asifungue."
"Kwa muda gani?"
Akatazama pembeni, kama mwuzaji anayeona haya kutaja bei.
"Vile vidogo, miaka mia tatu.
Ya mapipa, tuseme elfu kumi,
na hapo nimekupunguzia."

Elfu kumi!
Mimi ambaye Kisanga cha bibi yangu
nimebaki nacho salamu na matusi mawili.
Ule mlima mweusi karibu na bomba refu,
takataka za shaba, una miaka mia tu,
na watoto wameshaanza kuuliza
Mungu aliuumba siku ya ngapi.

Nilichora fuvu.
Mwanangu Kabange akasema: hilo ni la kibanda cha umeme,
pale mama anapouzia vocha, kwa kuwa pana kivuli.
Nilichora zile panga tatu nilizopewa kwenye karatasi.
Feni, akasema.
Nikachora mtu anakimbia. Akauliza mpira uko wapi.
Nikaandika HATARI, herufi za kwenda juu,
nikakumbuka baa ya Kamalondo yenye jina hilohilo,
foleni yake Jumamosi.

Usiku nilimwaza huyo atakayekuja.
Ana jina ambalo ulimi wangu haungeliweza.
Ana njaa, pengine. Ana nyundo.
Atauona ukuta ule mnene
na kuwaza kama ambavyo ningewaza mimi:
penye kufuli pana mali.
Nitamwambiaje kwamba tulijenga hivi
kwa sababu ya kitu ambacho hatukukitaka?

Asubuhi nikamwambia mhandisi: rangi haiwezi.
"Najua," akasema. "Inadumu muda gani?"
"Mitano, ikiwa mvua ina huruma."
"Basi baada ya mitano urudi."
"Na nikiwa nimekufa?"
Akamtazama Kabange, aliyekuwa anakoroga kopo kwa kijiti,
akageuza macho haraka, kana kwamba ameshikwa akiiba.
Bajeti, alisema, ina mpako mmoja.

Nikachora vyote: fuvu, panga tatu, mtu anayekimbia,
na neno lile kwa lugha nne, moja ya bibi,
ambayo niliuliza tahajia yake kanisani.
Kisha nikatoa kitabu changu, karatasi ya kaboni katikati:

Mpako mmoja, njano na nyekundu. Umelipwa.
Baki: mipako 1,999.

Nilidhani atacheka. Akaweka sahihi.
Nikaweka yangu.
Kabange, ambaye jina lake bado humshinda katikati,
akachovya kidole koponi
akakibandika chini yetu, palepale kwenye baki,
na ikabidi tusubiri ikauke
kabla ya kukunja.