Mi Iliyoshushwa

Alinipigia simu Jumatano, mvua ikichapa mabati ya Wandegeya.
"Wewe ndiye Walusimbi, fundi wa piano?"
Ndimi.
"Nataka unishushie mi."

Nikadhani ni mvua inasema.
Miaka thelathini na moja nimekula kwa mi zilizoshuka.
Unyevu wa ziwa huzishusha,
watoto wa misheni huzipiga kwa ngumi,
nami naja na ufunguo na uma wa sauti,
naipandisha, napokea bahasha, naenda zangu.
Leo mtu anilipe niharibu?

Bakhita Murjani, Mnubi wa Bombo,
kidole chenye hina juu ya kibao cheupe:
"Si nusu, ssebo. Nusu ya nusu.
Hapo ndipo anapokaa babu."
Koplo yule alimwachia udi wenye ufa
na maqamu ya rasti aliyoipiga baada ya isha
wanawake wakisuka ukindu wa rangi.
Mjukuu kaiandikia okestra: fidla kumi na mbili,
selo nne, matarumbeta ya bendi ya polisi,
obo moja ya kuazima,
na piano katikati, isiyojua kukunja shingo.

Fidla walielewa asubuhi ileile.
Kwao hakuna ukuta; kidole huteleza, kikafika.
Piano ni ngazi: uko juu au uko chini,
katikati utavunjika mguu.

Nikakataa. Ukumbi ni wa kanisa, nikasema,
Jumapili ijayo kuna arusi.
Hakubishana. Akaimba tu, polepole,
do, re, halafu ile.

Baba yangu alichonga amadinda Mukono.
Nilipotoka chuoni na uma wangu mpya
niliupiga kando ya vibao vyake, nikamwambia, baba,
hiki hakimo.
Akatazama patasi yake. Hakunijibu mpaka anakufa.
Sauti ya Bakhita haikuwa ya kibao kile,
ila walinyonya ziwa moja.

Mi nne, waya tatu tatu.
Kigingi cha kwanza kikalia kama mlango wa duka bovu.
Nikalegeza mpaka sikio likaniambia rudi,
nikapita hapo kidogo.

Ijumaa umeme ulikatika kabla ya sehemu ya pili.
Wakapiga gizani, kwa simu mbili na kandili.
Sajenti wa trombone alishikilia do hadi shavu likatetemeka,
Bakhita akapanda juu yake, do, re,
akaibonyeza ile,
na nyuma yangu mzee mwenye kanzu akasema "Ya salaam"
kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Jumamosi usiku nikazikaza zote. Nilikuwa nimeahidi.
Uma ukasema sawa.
Bibi arusi akaingia, hakujikwaa,
kwaya ikasimama.
Na mi, benchi ya nyuma, kofia magotini,
nikaisikia mi ikilia juu kidogo,
juu kidogo
kuliko mi.