Kiraka

Miaka kumi na mmoja nimekificha kwa ulimi,
kiraka cha jino la mbele, kushoto.
Kilipokuwa kipya hata mama hakukigundua.
Kisha kahawa ya Kibokoni, vikombe vitatu kila jioni,
na tambuu za harusini. Nani hukataa tambuu?

Daktari Mwanamvua ananipa kioo.
Meno yametoka meupe, nazi ya kukunwa sasa hivi.
Hicho tu kimebaki na rangi yake,
kahawia pembeni kama mdomo wa kikombe.

"Dawa hung'arisha jino. Kiraka hakisikii.
Rudi baada ya wiki mbili, rangi itulie,
nikitoe, niweke kingine."

Jino la pembe si dawa ya pengo, husema watu.
Mimi sikuwa na pengo.
Nilikuwa na ufa, wa kokwa ya tende,
siku Mbwana aliponichekesha
adhana haijesha, mdomo umejaa futari.
Aliokota kile kipande mkekani, akakifunga kwenye leso.
Sijui leso hiyo iliishia wapi.

Nauliza bei. Nauliza tena.
"Na siku mbili bila kahawa," aniambia mlangoni.

Chini ya ngazi, muuza kahawa
agonganisha vikombe.
Nafumba mdomo, napita.