Kome wa Kipungani

Maji ya tatu karaini, mchanga bado.
Nakwangua kwa kisu butu, nang'oa ndevu:
ngumu, kama za yule aliyekuwa mkwe wangu.
Aliyeachama namgonga kwa kijiko.
Akijifumba, yu hai.
Asipojifumba, paka wa Langoni wanangoja kichochoroni.

Mwanahalima hajashuka tangu talaka ije
kwa simu, maneno manne.
Jana nimemgongea mlango.
Kajifumba.
Basi yu hai.

Sufuriani tangawizi, kitunguu, ndimu nusu,
maji kidogo tu, wao wana yao.
Nafunika. Sifunui-funui.
Makombe yanaanza kugongana ndani,
mvuke unapanda ngazi kabla yangu.

Juu, komeo likalia.
"Mama, umewatia pilipili?"

Sikujibu.
Nilikuwa nikitafuta sahani ya pili.