Bado

Kwa Sechelela, anayeanza kazi Jumatatu

Umeniuliza uvae nini.
Vaa viatu vya kufunga kamba.
Uwanja wa stoo pale Kizota umejaa mbigili,
na mbigili hazisomi vyeti.

Shahada yako nimeiona. Mama yako
ameisimamisha juu ya friji, kwenye kitambaa cha kufuma.
Iache hapo ipumzike
nikupe kisa cha neno moja.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mchapakazi,
hilo hata wasionipenda hawabishi.
Nilifika mlinzi hajamaliza chai yake,
nikashinda na spana mpaka viganja vikaota sugu.
Nilidhani kazi ndiyo hiyo: jasho,
na jasho halihitaji mkalimani.

Basi Agosti, niko Bahi, upepo unatusugua macho,
pampu imelala juu ya turubai,
haijashuka kisimani, nyaya hazijaunganishwa,
giza limeingia, simu imebaki asilimia mbili.
Nikamwandikia Mama Chedego wa stoo:
"Pampu bado."

Nikalala usingizi wa mtu aliyejichosha kihalali.

Bado.
Hebu litazame neno lenyewe.
Bado haijafika? Bado haijafungwa?
Bado nzima? Bado mbovu?
Mimi nilijua ninachosema
kama kila mtu anavyoijua ladha ya mate yake.
Mama Chedego, alfajiri, akasoma: haijafika.
Akahangaika. Akapakia nyingine,
ile iliyoandikwa "Chifutuka" kwa chaki ubavuni,
akamwambia Ndalu wa lori, kimbia Bahi.

Ndalu akanikuta na pampu yangu, akashusha ya pili.
Nikasimama katikati
kama mtu aliyeposa nyumba mbili siku moja.
Hakunitukana. Alizima injini,
akafuta vumbi kwenye nyusi, akasema:
"Chifutuka wamerudi kuchimba korongo."

Siku nne, Sechelela.
Kwanza lori likaharibika, halafu ikawa Jumapili,
halafu nani asaini mafuta.
Siku nne watu wamechuchumaa kwenye shimo la mchanga
na kikombe cha bati,
wakisubiri mchanga utokwe jasho.

Niliipeleka pampu yao mimi mwenyewe.
Mama mmoja, ndoo kichwani, akaniamkia:
"Mbukwenyi!" kwa furaha, kama mgeni wa heri.
Hakujua kuwa ni mimi.
Afadhali angejua.

Barua ya onyo sikupewa.
Mama Chedego alinisogezea daftari lake la kupokelea mizigo,
akafungua nyuma kabisa, akasema,
"Iandike upya ile meseji yako."
Nikaandika nusu ukurasa, na salamu, na samahani.
Akakata.
Nikaandika tena. Akakata.
Mchana ukapita, chapati zangu zikapoa mfukoni.
Mara ya tano:

"Pampu ya Bahi imefika. Haijafungwa.
Naifunga kesho saa nne. Sihitaji kitu."

Akaisoma kwa sauti, polepole,
kama mtu anayeonja chumvi ya mlenda.
Aliporudia yale maneno mawili ya mwisho
tulinyamaza wote.
Hayo tu. Hayo yangeizuia lori getini.

Sikuambii uache kutoka jasho. Litoke.
Ila usilitume jasho likaongee kwa niaba yako,
halijui njia ya Chifutuka.

Kabati la spana ni la kushoto. Mlango unagoma,
upige teke chini, si katikati.
Ukikwama sema umekwama wapi na tangu lini.
Hujaelewa, uliza hapohapo,
hata kama wazee wa karakana watacheka; watacheka,
na mmoja wao, Malogo, atakushukuru baadaye kwa siri,
maana naye hakuelewa.

Jioni niandikie siku ilivyokwenda.
Mimi bado

ona, hata mimi.

Mimi niko Bahi, kisima cha tatu.
Nimemaliza viwili.
Narudi Ijumaa kwa treni ya jioni.
Sihitaji kitu.