Vidole Saba

Asubuhi hii ufunguo umegoma ndani ya kitasa.
Nimeupulizia pumzi, nimeusugua kiganjani,
nimeutukana kwa Kikirgizi, kisha kwa Kirusi,
ukazunguka pale tu nilipokata tamaa.
Ndoo ya maji imeota ngozi ya barafu.
Soksi ya kushoto ina tundu, na tundu limechagua
kidole kilekile chenye sugu.
Midomo imepasuka, chumvi ya chai inaichoma.
Haya ndiyo mashitaka yangu dhidi ya Januari,
na saa moja haijagonga.

Kituoni, basi la kushuka Naryn mjini halina haraka.
Tuko sita, mabega juu kama kuku waliolowa.
Wa mwisho kwenye mstari ni Tologon,
ameinama, anafunga kamba ya kiatu
kwa vidole saba.
Hafungi haraka. Kamba inamponyoka, anaifuata.
Siku moja dereva alimfungia, kwa wema tu;
Tologon akashukuru,
akaifungua yote, akaanza upya.

Natazama pembeni. Mtaani kwetu
sote tumejifunza kutazama pembeni.

Ulikuwa usiku wa tatu wa dhoruba, umeme umekatika.
Wodi ya wazazi ilikuwa na boila moja ya makaa
na pampu iliyozoea kusukumwa na mota.
Yeye alikuwa mchochea boila,
mshahara wake haukutosha jozi ya buti.
Mpini wa mkono ulikuwa nje, wa chuma, ukuta wa kaskazini.
Glavu zilichanika kabla ya usiku wa manane.
Akasukuma. Alihesabu hadi arobaini,
kisha akarudi kwenye moja,
maana hesabu ndefu humvunja mtu moyo.
Ndani kulikuwa na watoto tisa,
watatu hawajafika kilo mbili.
Akasukuma mpaka kukapambazuka.
Chuma kilichukua ngozi kwanza.
Kisha kikadai zaidi.

Mama alilala kitanda cha dirishani.
Alisikia usiku kucha: kri-ko, kri-ko,
akadhani ni kitanda cha jirani.
Mkono wake ulikuwa juu ya bomba la ukutani,
na bomba lilikuwa vuguvugu. Si moto. Vuguvugu.
“Sijawahi,” husema, “kulipenda neno namna ile.”
Mtoto wa usiku ule ni mdogo wangu Begimai,
kumi na tisa sasa,
ambaye leo amekataa kuteka maji
kwa kuwa amepaka rangi kucha.

Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini?
Kwamba kila ukucha una risiti?
Na Tologon mwenyewe hadai.
Walimletea kondoo mwaka ule; akamchinja,
akawaalika haohao walioleta, kondoo akaisha.
Nilipomwuliza, alikuna kidevu:
“Nilikuwa naona baridi. Kusukuma kulinipasha.”
Uongo, naye alijua kwamba najua.

Basi limekuja, vioo vyeupe.
Nimempiga mtu kiwiko ili nikae karibu na hita;
sijageuka mtakatifu.
Kwenye kilima cha kiwanda cha maziwa magurudumu yameteleza,
tumerudi nyuma, tumekwama.
Dereva amesema: wanaume washuke.
Kimya. Kila mtu amegundua kitu cha kusoma kwenye simu.
Mlango umelia. Tologon yuko chini tayari,
anaweka viganja kwenye bati la nyuma.

Nimeshuka, mimi na soksi yangu.
Theluji imeingia kiatuni kupitia lango lake la kawaida.
Nimesimama kando yake, bega kwa bega,
bati linauma hata kupitia sufu.
Hakunitazama. Ninasikia midomo yake tu:
thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini.

Moja, nimesema.
Mbili.