Mizani ya Nta

Machi, Mikindani. Bati limetukalia kama kikaango.
Kipimajoto kiko mezani, hakijagusa sufuria,
nacho tayari kimepanda thelathini na sita.
Hii ndiyo kazi yangu: kuisimamisha nta
mahali ambapo hata kivuli kinatoka jasho.

Nilianza na nta ya nazi, kwa kuwa ni yetu.
Nyeupe, laini, haina makuu.
Niliimimina kwenye kalibu ikaganda usiku,
asubuhi ikatoka imenyooka kama mwari.
Saa saba mchana ilikuwa imeinama.
Saa nane imelala.
Mwana wa pwani asiyeweza kusimama pwani
mpaka atiwe bakulini!
Nilicheka. Kisha sikucheka.

Soya ilishuka Kilindini kwa katoni,
chembechembe kama sabuni ya unga.
Ina adabu za mgeni: haitoi moshi, haina harufu yake,
ukiiambia nukia asumini, itanukia asumini.
Hoteli za Nyali huniagizia hiyo tu.
Lakini mimi nayo hatujazoeana.
Ikipoa huota mabaka usoni,
kama chumvi kwenye fulana ya kuli,
na mteja huirudisha, akishika kwa vidole viwili.

Ya nyuki huletwa na Bi Dzame, kutoka mikokoni,
ndani ya ndoo ya rangi isiyokuwa na mfuniko,
na vijiti, na mabawa, na mguu mmoja mmoja wa nyuki.
Naichuja mara tatu kwa leso kuukuu.
Haipendi haraka. Utambi mwembamba huuzamisha,
utambi mnene huukubali, kwa shingo upande.
Joto letu hili hailijui.
Na nikitaja bei yake
watu hutazama viatu vyao.

Basi parafini.
Baba aliifanyia kazi nduguye miaka ishirini na miwili,
mafuta yale ya Changamwe, kabla mabomba hayajanyamaza.
Yeye huiita nta ya mawe.
Shilingi kumi, na duka lolote unaipata.
Ndiyo iliyoipaka dari yetu masizi,
duara jeusi juu ya pale nilipokuwa nikikaa kusoma,
na kila nikisema nitapaka chokaa
Baba huniambia, acha.

Jana stima zilipopotea nilisema leo ndiyo leo.
Minne, gramu hamsini hamsini, saa mbili kamili usiku.
Nikachora mistari kwenye kalenda.
Nazi bakulini ikapepesa, ikajizima yenyewe saa tano.
Soya ikaenda polepole, haina neno.
Parafini ikatoa ulimi mrefu na machozi pembeni.
Ya nyuki ilikuwa kama haijaanza.

Saa sita na robo, hodi.
Bi Filomena Wakesho, wa nyumba ya tatu.
Mumewe anasafirishwa alfajiri kwenda Wundanyi
na waliokuja kukesha wamekaa gizani.
Hakuuliza ni nta gani.
Aliuliza tu, una wa kufika asubuhi?

Nikautazama ule mmoja. Nikautazama tena.
Nikampa na kisahani chake, ukiwaka vilevile,
akaenda nao ameuzungushia kiganja,
na ule mwanga ukapita ukutani kwetu, dirishani,
halafu ukawa wa kwao.

"Na hesabu yako?" Baba akaniuliza kutoka gizani kwake.
Sikumjibu. Soya ikafa saa tisa na dakika kumi,
parafini ikaifuata kabla ya kumi.
Nikaandika.

Leo kisahani kimerudi.
Kimeoshwa, kimekwanguliwa, kimepanguswa kikavu,
hakuna hata tone la kusomea.
Alikileta mtoto, akaniambia shikamoo, akakimbia.
Ningeweza kumwita nimuulize ulizimika saa ngapi.

Kwenye kalenda, mbele ya neno *nyuki*,
pako wazi.