Kete ya Sitini na Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, Tororo.
Malori ya saruji yamelala kando ya barabara ya Malaba,
madereva wamejifunika shuka hadi utosini.
Mimi niko chumba cha nyuma ya duka,
miguu nimeikunja, goti la kushoto linanung'unika,
na tasbihi ya mama imo ndani ya mfuko mwekundu
ili hata jicho langu lisijue nimefika wapi.

Kidole gumba na cha kati.
Cha shahada usikitumie, alisema mama,
hicho unawanyoshea watu,
hicho unawahesabia wadeni wako.
Kiache nje, kama kiatu.

Om namah shivaya. Punje moja.
Om namah shivaya. Ya pili.
Ukinibana nitoe tafsiri, nitasema: nainama.
Kwa nani, bado najifunza.

Nilipokuwa mtoto nilimuuliza,
kwani Mungu hakusikia mara ya kwanza?
Akanishika mkono hadi hekaluni,
akanionyesha chungu cha shaba kilichotobolewa kitako
kikining'inia juu ya jiwe jeusi,
ndo, ndo, ndo.
"Unadhani jiwe ndilo lenye kiu?"
Nikampelekea swali Hajji Mugoya, fundi baiskeli,
mtu wa nyiradi zake mwenyewe.
Akapuliza vumbi kwenye mnyororo, akacheka:
"Chururu si ndo ndo ndo, kijana. Mama yako anajua."

Mwaka wa sabini na mbili, stesheni,
askari walichukua saa ya baba, bangili, cherehani.
Tasbihi waliivuta, uzi ukakatika.
"Kumbe mbegu tu!"
Mama akapiga magoti sakafuni kuokota,
na Othieno, mlinzi wetu, aliyetubebea masanduku,
akapiga magoti naye.
Walipata mia na saba.
Treni ikapiga king'ora.
Othieno akaingiza mkono mfukoni, akatoa kete ya omweso,
mbegu ya mgomba wa porini, nyeusi, laini.
"Na hii pia ni mbegu, mama."

Leicester, miaka ishirini na miwili ya makoti mazito.
Nililala chumba cha pili, ukuta mwembamba,
nikimsikia akihesabu:
mnong'ono unatambaa, unatambaa,
kisha unakwama kidogo.
Amefika kwenye kete.
Amefika Tororo.

Kusema kweli mimi nasali vibaya.
Punje ya kumi, nawaza bei ya mabati.
Ya thelathini, misumari ya Okumu, kilo sita, hajalipa.
Ya hamsini ulimi unakwenda peke yake
kama kinu cha kusaga kisicho na mahindi.
Kisha gumba linateleza.
Hapa hakuna mikunjo.
Naamka.
Nainama.

Zipo namna tatu, alinifundisha:
kwa sauti, kwa midomo, kwa moyo.
Na ya nne huisemi wewe,
yenyewe ndiyo inayokusema.
Sijafika huko. Nimeiona tu,
hospitalini, juma lake la mwisho,
maneno yamekwisha, tasbihi iko mezani,
na gumba lake bado linasogea
juu ya blanketi tupu.

Othieno sikumkuta tuliporudi.
Nilikuta bao lake kwa mjukuu wake, Nyaketcho:
kete sitini na tatu
na kifungo cha shati.
"Babu alikataa tutafute nyingine," alisema,
"alisema ile imesafiri."
Tulicheza mkono mmoja. Alinila zote,
kifungo na vyote.

Ya mia na sita. Ya mia na saba. Ya mia na nane.
Mbele iko punje kubwa, nayo haivukwi.
Ukiifikia unageuza mkono
na kurudi ulikotoka,
na ile ya sitini na mbili
sasa itakuwa ya arobaini na saba.

Nje, lori la kwanza linakohoa.
Mtu anagonga mlango wa duka, anataka mifuko kumi.
Subiri kidogo, ndugu.
Nageuza.